Mayai Yaliyozibwa Nta

Umeme ukikatika hapa Simi-Simi, kando ya uwanja wa ndege wa zamani wa Kisangani, na hukatika utakavyo wenyewe, wajukuu zangu wanakimbilia tochi za simu zao. Mimi bado nawasha mshumaa. Taabu yangu si ule mwanga wake, ni pale umeme unaporudi na mmoja wao anaupuliza. Moshi mwembamba unapanda, harufu ya utambi uliozimwa inachanganyika na nta iliyoanza kuganda, nami nageuka bila kupenda kutazama kopo lililo juu ya kabati. Wajukuu wamekwisha kunizoea, wanaambiana kwa sauti ya chini, "Koko anakasirika tena." Hawajakosea.

Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, lile kubwa la zamani ambalo wa rika langu watalikumbuka, maana mama zetu walilitumia kupimia mchele kwa miaka mingi baada ya maziwa kwisha. Rangi yake imebanduka, kutu imekula ukingo. Ndani yake mna mayai ya ndege wa porini. Yote ni maganda matupu, yametobolewa huku na huku yakapulizwa, na kila tundu limezibwa kwa tone la nta. Nimeyatunza tangu nilipokuwa mtoto asiye na meno ya mbele. Nimekimbia nayo vita, nimeolewa nayo, nimezaa yakiwa juu ya kabati. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba wanawake wengine walikuja kwa waume zao na masufuria, mimi nilikuja na ndege ambao hawajaanguliwa.

Aliyenipa mayai hayo alikuwa papa, baba yangu.

Papa alikuwa fundi wa breki kwenye treni ya Ubundu. Mliokulia Kisangani zamani hizo mnajua kwamba reli iko ng'ambo ya mto, rive gauche, kwa hiyo safari ya baba yangu ilianza kwa pirogi, mtumbwi wa kuvukia. Tulimsindikiza hadi ukingoni, akaingia na mkoba wake wa vyuma, pirogi ikazama kidogo kwa uzito wake, maana papa alikuwa mnene, na magoti yake yalilia kila alipochutama. Kisha tukasikia king'ora cha treni kikivuka maji, tukarudi nyumbani. Treni ilikuwa ikifika Ubundu inasubiri masua, meli ya mtoni, inayoshuka kutoka Kindu. Masua ikichelewa, treni inalala, na watu wake wanalala nayo. Mama akiulizwa sokoni mumewe yuko wapi, jibu lake lilikuwa moja: "Iko anangoja masua." Kwa akili yangu ya utoto niliiona hiyo masua kama mnyama mkubwa mvivu aliyelala mahali fulani mtoni, na papa amekaa kando yake akimbembeleza aamke.

Nilikuwa mtoto pekee, kifungua mimba na kitinda mimba. Mama alipoteza mimba baada yangu, akapoteza nyingine, na kila alipopoteza nyumba yetu iliongezewa mwiko. Wa mayai ndio uliokuwa mkali kuliko yote. Kwao mama, huko Maniema, msichana hali yai, na mwanamke anayetafuta mtoto halazi yai ndani ya nyumba yake. Yai linalokaa bila kuatamiwa, nyanya yangu alisema, linalifundisha tumbo kukaa hivyo hivyo. Jirani akija na mayai ya kuku kutushukuru kwa jambo fulani, mama aliyapokea nje ya mlango na kumgawia mtu wa kwanza aliyepita njiani. Nilikua nikiamini kwamba mama anayaogopa mayai kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Basi fikirini siku papa aliyorudi kutoka Ubundu akiwa na yai.

Ilikuwa desturi yangu kumpokea mkoba langoni kabla hajamsalimu mtu yeyote. Siku ile hakunipa. Aliingia nao mwenyewe, akaketi, akavua viatu taratibu kama mtu anayetaka kutazamwa.

"Papa, uliniletea nini?"

"Ngoja nikae, mama." Alikuwa akiniita mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake.

Akatoa kopo la maziwa, akafungua kifuniko. Nilitegemea maziwa. Ndani mlikuwa mmejaa sufi, ile pamba laini ya mtini inayotiwa kwenye mito ya kulalia, na katikati ya sufi lilikuwa yai dogo la rangi ya buluu, buluu nyepesi ya anga baada ya mvua, lenye madoa ya kahawia upande mmoja. Yai la mnana, wale ndege wa njano wanaoning'iniza viota na kupiga kelele kutwa nzima. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile kikiwa changu.

Mama aliruka, akamwita kwa jina langu. "Papa Vero! Yai mu nyumba yangu?"

"Haiko yai, ni ganda tu. Nilitoboa, nilipuliza, vyote vilibakia kule. Angalia." Akaliinua kwenye jua la mlangoni. Mwanga ulipita ndani yake kama ndani ya ukucha. "Nilipuliza na kinywa yangu miye mwenyewe. Na kule ku muti nilianguka. Ona mukono."

Mama alilitazama yai, akalitazama kopo, akamtazama papa. Alikawia kwenye kopo. Kisha akajifunga kikwembe vizuri kiunoni akarudi kwenye moto wake nje. Nilidhani ameshindwa hoja. Mimi nilikimbia kuchukua mafuta ya mawese, nikaukanda mkono wa papa ulioumia alipoanguka mtini kwa ajili yangu. Niliukanda jioni ile na kesho yake, na yeye akinielekeza, hapa, hapana, juu kidogo. Alikuwa akifumba macho kwa maumivu.

Mnisamehe, nimeandika sentensi hiyo ya mwisho kama nilivyoiona wakati ule.

"Sasa ndani haina kitu?" nilimwuliza, nikilitikisa yai sikioni.

Papa akacheka. "Ndani iko pumuzi yangu. Yai ilitoka, pumuzi ikabakia. Siku miye siko, uweke ku sikio. Utanisikia."

Mtu mzima anatania na kusahau. Mtoto anabeba neno lile maisha yake yote. Tangu siku hiyo, papa akivuka mto, mimi nilikuwa sina wasiwasi tena. Nilikuwa naye ndani ya kopo. Nililiweka yai sikioni nikasikia uvumi wa mbali, nikajua ni yeye anahema. Niliweka pua kwenye lile tundu dogo nikavuta harufu kidogo tu, kwa uchoyo, nisimmalize. Kulikuwa na harufu ya samaki mkavu na moshi na kitu kama karafuu. Papa mwenyewe akiwa nyumbani hakunukia karafuu, alinukia grisi ya treni na tumbaku. Nilijieleza kwamba karafuu ndiyo harufu ya ndani ya papa, ile ambayo watu wa nje hawaipati.

Mayai mengine yakafuata. Si kila safari, lakini kila mara lilipokuja niliona nimekumbukwa. Lilikuja jeupe lenye kung'aa, la mviringo karibu kama gololi, la mdiria anayechimba shimo kwenye ukingo wa mto, na papa akasimulia jinsi alivyoingiza mkono shimoni akiwa hajui kama ndani mna ndege au nyoka. Yalikuja ya rangi ya mchanga yenye michirizi, ya ndege wadogo wa kijivu wanaotaga juu ya mawe katikati ya maji, pasipo kiota hata kidogo. Lilikuja moja la waridi lililofifia ambalo mpaka leo sijui ni la nani. Kila moja na simulizi yake ya kupanda, kuteleza, kuogelea. Shuleni niliwasimulia wenzangu. Walicheka wakaanguka. "Papa yako? Na ile tumbo? Anapandaka muti?" Nilipigana kwa ajili ya tumbo la papa. Nilirudi nyumbani na kola iliyochanika na sikumweleza mama sababu.

Kitu kimoja tu kilininyima raha, yale matundu. Akili yangu iliniambia kwamba kitu chenye tundu kinavuja. Pumzi inatoka kidogo kidogo, na papa alikuwa akikaa siku nyingi zaidi kila safari. Siku moja nililiweka yai la kwanza sikioni nikaona uvumi umepungua. Nikaingiwa na hofu. Nikaamini kwamba papa anakwisha.

Mama alikuwa na mshumaa uliobarikiwa, ule wa sikukuu ya kutolewa Bwana hekaluni, ambao Wakatoliki wa kwetu wanautunza ndani ya nyumba na kuuwasha radi inapopiga. Ulikuwa haugusiki. Niliona kwamba mshumaa wa jikoni hautatosha kwa kazi hii, nta ya kawaida ingeweza kuachia. Mama alipokwenda shambani nikauwasha ule mshumaa, nikadondosha tone juu ya kila tundu, huku na huku, nikihesabu sala badala ya mayai. Nilijiunguza vidole. Nilipomaliza niliupuliza mshumaa, na ile harufu ikajaa chumba, nami nikaketi sakafuni nikiwa na amani. Papa hatavuja tena.

Mama aligundua mvua ya kwanza ilipokuja na radi. Alishika mshumaa, akaona umefupika, akaniona. Nikamweleza kila kitu, kwa fahari hata, maana nilijua nimemwokolea mumewe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku radi ikipiga na mshumaa haujawashwa.

"Unafungia pumuzi ya papa yako na bougie ya Mungu," alisema. Akacheka kicheko kibaya, kifupi, akatoka nje kwenye mvua akasimama chini ya paa la jiko mpaka ikakatika. Hakunipiga. Nilidhani nimemkosea Mungu, nikatubu peke yangu. Baada ya hapo, kila alipofagia chumba na kulazimika kulihamisha kopo, alilishika kwa pindo la kikwembe, asiliguse kwa mkono mtupu. Nami nilimwonea huruma kwa ule woga wake wa mayai.

Na sisi tulikunywa chai ya rangi. Hilo nalo lilikuwepo, mbele ya macho yangu, asubuhi zote hizo. Sikuwahi kujiuliza maziwa ya kopo lile yalikwenda wapi.

Kisha vita vikaja, na treni ikasimama. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Tulilala chini ya vitanda, tukakimbilia porini, tukarudi, tukakimbia tena, na mimi kopo mgongoni nimelifunga kwa kitambaa kama mtoto. Papa hakwenda tena Ubundu kwa muda mrefu sana. Alikuwa akikaa ukingoni mwa mto amegeukia juu, mto unakotoka. Alikonda. Nilimhurumia kwa kukosa kazi. Nilimletea kopo nikamwonyesha kwamba mayai yote yamepona na mabomu, kwamba nta haijaachia hata mahali pamoja. Alichukua lile la buluu akalishika kiganjani, akaanza kulia. Baba yangu akalia mbele yangu, mimi nikiwa tayari msichana mkubwa. Nililia naye. Nilisema moyoni, ona jinsi anavyonipenda.

Amani ya kiasi iliporudi alikuwa mzee, na mapafu yamemharibikia. Alikwenda Ubundu mara chache kwa pikipiki ya watu, akisema anafuatilia karatasi za pensheni. Kisha hakwenda tena. Alifia nyumbani hapa, akivuta hewa kwa shida, nami nikimpepea. Nilikuwa nikifikiri hadi kichwa changu kinataka kupasuka: hewa yake nimeitunza, iko kwenye kopo, na siwezi kumrudishia.

Kabla sanduku halijafungwa nililichukua lile yai la buluu, la kwanza, nikaliweka chini ya vidole vyake vya mkono wa kuume, ule niliokuwa nikiukanda mafuta. Fundi wa sanduku alinitazama akaniacha. Niliona nimefanya jambo la haki kuliko yote niliyowahi kufanya. Tukamzika.

Matanga yalikaa uani chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Siku ya kuyavunja, Tonton Alphonse, mdogo wake papa, alisimama. Kwetu, kabla watu hawajatawanyika, familia ya marehemu lazima iwalete watoto wa nje kama wapo, wajulikane mbele ya wote, ili kesho asije mtu kusema hakuonyeshwa. Mjane anampa mtoto maji ya kunywa. Akimpa, amempokea. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwenye matanga ya wengine, tena nimelisengenya.

"Familia," Tonton alisema, "tunavunja matanga, lakini mutu haruki mutoto. Ndugu yangu iko na mutoto Ubundu. Aliniambiaka toka zamani. Bon. Huyu hapa."

Akaja mwanamke aliyejifunika kitambaa kichwani, vumbi la njia likiwa bado kwenye nguo zake. Alifika asubuhi ileile, pikipiki na pirogi, papa amekwisha kuzikwa. Alikuwa na paji la uso la papa. Alikuwa amenizidi umri, kidogo, lakini amenizidi. Mama hakushtuka. Alinyanyua kikombe kilichokuwa kando yake, kimejazwa maji tayari, akampa. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa anajua. Kikombe kilikuwa kimejazwa kabla Tonton hajasimama.

Walisema anaitwa Zaina, na kwamba nimwite yaya, dada mkubwa. Mimi kifungua mimba nikawa mdogo wa mtu mchana kweupe, mbele ya majirani. Nilimwita. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Waliniambia nimpeleke ndani apumzike. Kopo lilikuwa mezani sebuleni, nilikuwa sijalirudisha tangu mazishi. Zaina aliketi, akanywa maji tena, akalegeza kitambaa. Nilisikia harufu ya karafuu. Kisha macho yake yakaangukia kopo, akasimama.

"Hii kopo ilitoka wapi?"

"Ni ya papa," nikasema kwa ukali. "Ni mayai aliniletea."

Hakuomba ruhusa. Alifungua kifuniko, akachungulia, akafunika mdomo kwa mkono. Akanigeukia.

"Weye njo ule mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Ya chef. Papa alisemaka chef yake ya kazi ya Kisangani iko na mutoto mugonjwa. Hatembei, hatoki inje, anapendaka ndege lakini hawezi kuiona. Alisema, Zaina, tumutafutie mayai, atafurahi. Miye njo nilikuwa napanda. Miye njo nilikuwa napuliza, sababu papa akipuliza inapasuka. Na kila magharibi nilimuombea ule mutoto apone." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, mwanamke mnene mwenye watoto wakubwa, aliyesimama imara kwa miguu yake. "Kumbe hukukuwaka mugonjwa."

Hakulisema kwa ubaya. Ningeona afadhali angelisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu aliyepewa habari njema ikiwa imechelewa sana.

"Aliniambiaka akipona, atanileta Kisangani nimuone," aliendelea. "Nilikuwa namuuliza, papa, alishapona? Anasema, bado. Nilingoja. Nilikuwa nasema labda sipulizi muzuri." Alipapasa ubavu wa kopo. "Na maziwa ya hii kopo nilikunywaka miye. Papa alileteaka mama yangu."

Kuna matusi unayojua yanamstahili mtu mwingine, naye yuko kaburini, umetoka kumtupia udongo kwa mikono yako.

Zaina alianza kuyageuza mayai kwa kidole kimoja, akiyatambua. Alitabasamu kwenye lile la waridi. Alishangaa zile nta, nikamwambia ni mimi, sikumwambia kwa nini. Kisha kidole chake kikaanza kutafuta.

"Kulikuwa ingine. Ya buluu. Ya kwanza kabisa." Akapandisha mkono wa nguo yake. Mkono wake wa kuume ulikuwa umepinda chini ya kiwiko, mfupa uliounga vibaya na kubaki hivyo. "Ile njo niliangukia. Iko wapi?"

Niliutazama ule mkono. Nilikumbuka mafuta ya mawese, na papa akifumba macho, hapa, hapana, juu kidogo.

"Niliiweka mu sanduku," nikamwambia. "Ku mukono ya papa. Alienda nayo."

Zaina aliketi polepole. Alikuwa hajalia tangu afike, wanawake walikuwa wamekwisha kumsema kwa hilo. Sasa alilia, akijishika ule mkono uliopinda. "Basi alienda na kitu yangu," alisema. "Mungu asifiwe. Alienda na kitu yangu."

Nami nilisimama pale nikiwa na wivu. Nasema wazi, wivu mbichi kama wa mtoto. Nilimpepea papa, nikamwosha, nikampa kitu nilichokithamini kuliko vyote ili asiende peke yake, kumbe nimempa pumzi ya binti yake mwingine. Yangu hakwenda nayo hata kidogo.

Jioni ile wageni wakiwa wametawanyika nilimfuata mama jikoni.

"Ulijua."

"Siku ile ile ya kwanza," alisema akichochea moto. "Niliona kopo. Nilikuwa natafuta maziwa ya kukupatia weye."

"Sasa kwa nini uliniachia? Mayai yote ile, mama?"

"Ningekunyang'anya nini?" alijibu. "Ulikuwa unacheka. Mu hii nyumba, nani mwingine alikuwa anacheka?" Akageuza sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria. Hatukuzungumza jambo hilo tena, na sasa naye amekwisha kwenda. Siku hizi namfikiria zaidi yeye kuliko papa, jinsi alivyokuwa akilishika kopo lile kwa pindo la kikwembe, wiki kwa wiki, akifagia chini yake ili mtoto wake akute pasafi.

Zaina aliondoka siku iliyofuata. Nilimpa kopo. Nililishika kwa mikono miwili nikamnyooshea, na nadhani nilitaka alichukue na pia nilitaka lianguke. Alilifungua. Akayatoa mayai moja moja, akayapanga juu ya meza kwa uangalifu. Kisha akachomoa sufi yote iliyokuwa chini, akaikusanya, akainusa.

"Hii ilitoka mu muto ya kulalia ya mama yangu," alisema. "Tulikuwa tunachomoa kidogo kidogo, asijue. Mama alikufa mu vita. Hakuna kitu ingine yake ilibakia." Akaitia ndani ya kitambaa chake, akakifunga fundo. "Mayai ni ya weye, Vero. Miye nilitoa yote kwa ule mutoto mugonjwa. Zawadi hairudi." Akapanda nyuma ya pikipiki, akaenda zake kivukoni.

Sikuwahi kutia pamba nyingine. Mayai yako kwenye kopo tupu, na mtu akifunga mlango kwa nguvu yanagongana, yanalia kama vitu vidogo vinavyobisha hodi. Mawili yamekwisha kupasuka hivyo. Zamani wajukuu wakiniuliza ndani yake mna nini, nilikuwa nawaambia: pumzi ya koko wenu, baba yangu. Sasa nawaambia hamna kitu, waende wakacheze.

Nta sijaibandua. Kuna wakati nakaa mbele ya kopo na ukucha uko tayari, na ukucha unakataa. Aliyemo mle hakunidanganya hata mara moja. Aliniombea nipone, magharibi baada ya magharibi, akiwa na mkono uliovunjika, mimi niliyekuwa mzima ninayekimbia kwenye majani ya uwanja wa ndege wa zamani. Sasa ndipo ninapougua. Ninaugua baba yangu, naugua vibaya, wala hakuna aliyemwambia Zaina.